Baba Mpya na Siku Arobaini za Kwanza



Wapendwa wasomaji, mara nyingi ukurasa huu huzungumza na akina mama. Mwezi huu tunaomba akina baba wasogee karibu, hasa vijana wanaomsubiri mtoto wa kwanza na wale ambao mtoto wao hajatimiza hata mwezi mmoja. Akina mama nao wasome, maana mengi yanawahusu wote wawili.

Katika vijiji vyetu vya Dodoma na Singida, mtoto akizaliwa nyumba hujaa wanawake. Bibi huja na kanga zake, shangazi hupika uji wa uwele, majirani huleta kuni na maji. Baba hupewa mkono wa pongezi, kisha hana pa kukaa. Huondoka kwenda kuangalia ng'ombe, au kukaa na wenzake kilabuni, akiamini kwamba kazi yake itaanza mtoto atakapoanza kutembea. Hatuilaumu mila ya kumpumzisha mzazi. Ni mila nzuri na imewasaidia wengi. Tunachosema ni hiki: siku arobaini ambazo baba anakaa pembeni ndizo siku za hatari kubwa kwa mama na mtoto. Tena jambo likiharibika usiku, ni baba huyo huyo anayetafutwa ili atoe uamuzi na nauli.

Kwa nini baba anahitajika

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 umetupa furaha na huzuni. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kama ilivyoonekana katika utafiti wa 2015/16, hadi 104. Lakini vifo vya watoto katika siku 28 za kwanza vilibaki karibu pale pale: kutoka 25 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hadi 24. Mtoto aliyevuka mwezi wa kwanza amepata nafuu kubwa. Yule wa siku ya tatu bado yuko katikati ya korongo lenye maji.

Sisi wauguzi huzungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Kuchelewa kwa tatu ni juu yetu tulio hospitalini. Kule kwa kwanza na kwa pili hutokea nyumbani na njiani, na hapo neno la baba lina uzito. Tunawapokea akina mama saa nne asubuhi ambao damu ilianza kuwatoka tangu jioni iliyopita. Tukiuliza sababu, mara nyingi jibu ni moja: "Tulikuwa tunamsubiri baba mtoto."

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Baba aende kliniki pamoja na mke wake, wapime wote wawili virusi vya Ukimwi na kaswende, na asikie kwa masikio yake maelezo ya muuguzi. Baada ya hapo, ahakikishe mambo manne:

1. Fedha. Kama zitatokana na mfugo, auze mapema. Mbuzi anayepelekwa mnadani kwa utulivu ana bei. Mbuzi anayeuzwa kwa jirani saa nane za usiku hana bei.

2. Usafiri. Upo mfumo wa dharura uitwao m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, na mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa gari la wagonjwa au gari la dereva wa karibu aliyeandikishwa. Namba hiyo iandikwe ukutani, maana simu ya baba huweza kuwa naye shambani.

3. Mahali pa kusubiri. Wakati wa mvua makorongo yetu hujaa na barabara hukatika. Anayeishi mbali amlete mama mapema katika nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo wengi huku huiita chigonella, au kwa ndugu aliye karibu na hospitali.

4. Damu. Kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi. Baba awe na ndugu wawili au watatu wenye afya waliokubali kuchangia damu wakiitwa.

Dalili ambazo baba azikariri

Kwa mama, ndani ya siku 42 baada ya kujifungua: damu nyingi inayolowanisha kitambaa upesi upesi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa, kuona giza au kuona marue rue, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au kusema maneno ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto. Wengi hudhani kifafa cha mimba huisha mtoto akishatoka. Sivyo. Kinaweza kumshika mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kulegea au kulala mno asiamke anyonye, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, au kifua kubonyea kwa ndani anapovuta pumzi, joto la mwili kuanzia 37.5, au mwili kuwa wa baridi. Viganja na nyayo kuwa vya njano. Kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha.

Ikionekana dalili moja tu, msisubiri asubuhi, wala msianze na dawa za majani. Nendeni. Na baba akiwa safarini, kibaruani Kibaigwa au kwenye mashamba ya Kiteto, aache neno mapema mbele ya wazazi wake: "Mama mtoto akisema twende, asisubiri ruhusa yangu." Neno hilo halimgharimu baba kitu, nalo linaweza kuokoa maisha ya watu wawili.

Hata bila dalili yoyote, mama na mtoto warudi kuangaliwa ndani ya juma la kwanza, siku ya 28 na siku ya 42. Chanjo za mtoto huendelea akiwa na wiki 6, 10 na 14. Baba aijue kadi ilipo na tarehe zake.

Maji, kitovu na maneno ya wakubwa

Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba kila mtu analijua. Mtoto akilia, jirani husema ana kiu, apewe maji kidogo. Jambo hili linaponza watoto wengi. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa joto kali. Kinachotakiwa ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji ya kutosha. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto asipewe maji, uji, maziwa ya ng'ombe wala dawa za kienyeji za tumbo, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Maziwa yale ya njano ya mwanzo, yaitwayo dang'a, yasimwagwe. Hayo humkinga mtoto na magonjwa. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe majivu, samli wala kinyesi cha ng'ombe.

Mama aliyejifungua jana hana nguvu ya kubishana na mama mkwe. Mwenye nafasi ya kusema ni mtoto wa yule bibi, yaani baba mpya. Aseme kwa heshima: "Mama, hospitali wametuomba tusimpe maji mpaka miezi sita. Naomba utusaidie tulishike hilo." Bibi aliyeombwa msaada huwa mlinzi mwema kuliko bibi aliyekatazwa.

Mtoto kifuani mwa baba

Akina baba wengi hutuambia wanaogopa kumshika mtoto mchanga, shingo yake ni laini mno. Ni kweli, kichwa lazima kishikiliwe, lakini hilo hufundishwa kwa dakika tano. Tunasisitiza baba amshike mtoto kwa sababu moja kubwa: aliyezoea kumshika mtoto akiwa mzima ndiye atakayetambua upesi siku atakapokuwa hayuko sawa. Atahisi joto limezidi, au pumzi zimebadilika.

Hata mwili wa mwanamume huenda pamoja na malezi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania kwa Wahadzabe na Wadatoga. Miongoni mwa Wahadzabe, ambao baba huwabeba na kuwahudumia watoto wadogo, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango kidogo cha homoni ya kiume kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, ambao mtoto mchanga huachiwa wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Msiogope kwamba uanaume unapotea. Makabila yote mawili yana wanaume kamili. Tunachojifunza ni kwamba kulea si jambo la wanawake peke yao kwa maumbile.

Mtoto njiti humhitaji baba zaidi. Njia ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, ni kumfunga mtoto mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi, ili apate joto. Mama huchoka, naye anahitaji kuoga, kula na kulala. Kifua cha baba kina joto lile lile.

Moyo wa baba

Sasa tuzungumze lisilosemwa. Baba mpya naye hupata taabu. Halali usiku, na alfajiri anatakiwa shambani, ofisini au kwenye bodaboda. Fedha zinakwisha. Mke aliyekuwa akimwandalia chakula sasa ana macho kwa mtoto tu, naye baba anajiona mgeni katika nyumba yake. Huo wivu mdogo si dhambi wala wazimu. Ni hali inayopita ikisemwa kwa upole.

Taabu ni kubwa zaidi kwa vijana waliokuja mjini kikazi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi changa zimepanga Nkuhungu, Ilazo na Kisasa, mbali na bibi na shangazi. Hapo hakuna wa kuchemsha maji ya kuoga mzazi isipokuwa baba. Basi achemshe, afue nepi, apike. Hakuna aibu ndani yake.

Lakini huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, usingizi ukikosekana hata mtoto akiwa amelala, hasira zikizidi, au pombe ikawa ndiyo dawa, huo ni ugonjwa wa sonona. Uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu baba 1 kati ya 10 hupatwa na sonona wakati wa ujauzito wa mke au mwaka wa kwanza wa mtoto. Una tiba. Baba amweleze mhudumu wa afya, padre, au mzee anayemwamini. Na mtoto akilia bila kukoma hadi hasira ikapanda, mlazeni mahali salama, utoke nje upumue, umwite mwenzako. Mtoto mchanga kamwe asitikiswe. Ubongo wake huumia.

Kuhusu tendo la ndoa

Mwili wa mama unahitaji muda. Wasubiri hadi amepona na yuko tayari mwenyewe. Uchunguzi wa siku ya 42 ni wakati mzuri wa kuuliza. Ipo imani ya zamani ya kubemenda, kwamba wazazi wakikutana kimwili maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Maziwa hayaharibiki. Mtoto hudhoofika kwa njaa, kwa magonjwa, au kwa kuachishwa ziwa mapema mama anapopata mimba nyingine upesi.

Hatari iliyopo ni kwamba kwa kuogopa kubemenda baba hutoka nje ya ndoa. Mama akiambukizwa virusi vya Ukimwi wakati ananyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini mwake katika majuma ya mwanzo, na mtoto huweza kuvipata kwa maziwa. Uaminifu wa baba katika miezi hii ni kinga ya mtoto, kama chanjo ilivyo.

Kuhusu kupanga uzazi kwa njia ya asili, kunyonyesha husaidia endapo masharti matatu yametimia pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila chakula kingine, na mama hajaona siku zake. Sharti moja likikosekana, waonane na walimu wa njia za asili parokiani.

Karatasi mbili za baba

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Aiombe, na aitumie nyumbani. Pia kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya miezi mitatu. Cheti cha kuzaliwa ni kazi anayoiweza baba peke yake, mama akiwa bado anapumzika.

Wapendwa akina baba, Injili haitupi neno hata moja lililosemwa na Mtakatifu Yosefu, ila inatueleza alichofanya. Alipoonywa kwamba mtoto yuko hatarini, hakusubiri kupambazuke. Aliamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake wakaondoka. Tunaomba jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya UWAKA mlizungumze somo hili mkikutana, na kila baba arudi nyumbani akiwa amezikariri zile dalili.

Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu wachanga.