Fedha za Serikali za Kigeni: Tuzipime kwa Mizani Gani?

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza kama chama chetu kipokee fedha za serikali ya kigeni kwa ajili ya miche ya mikarafuu. Kabla ya kujibu, yafaa tutazame yaliyowapata wenzetu wa Kilosa, mkoani Morogoro, waliokwisha kuonja msaada wa namna mbili.

Namna ya kwanza ilitoka Norway. Mwaka 2008 serikali hiyo iliahidi kuipa Tanzania kroni milioni 500 kwa miaka mitano, ili misitu isikatwe na hewa ya ukaa isizidi angani. Katika vijiji vya Kilosa watu walilipwa fedha za majaribio, kila mmoja fungu lake, na mkutano wa kijiji ukajadili matumizi. Lakini malipo ya baadaye yalitegemea wapatikane wanunuzi wa hewa hiyo. Mradi ulipokwisha mwaka 2014, malipo ya majaribio nayo yakesha.

Namna ya pili ilitoka Uswisi, nayo ilianza mwaka 2012. Hapa watu hawakugawiwa fedha. Vijiji, mathalan Ulaya Mbuyuni na Ihombwe karibu na Mikumi, vilifundishwa kugawa msitu vipande na kuchoma mkaa kwa zamu. Kipande kilichokatwa hupumzishwa miaka 24 kichipue tena. Wafanya biashara walilipa ushuru kwa kijiji, na kijiji kikautumia kwa haja zake, kama vile madarasa na maji. Hata hivyo, kanuni mpya za Serikali za mwaka 2019 ziliitatiza biashara hiyo. Basi hata mpango mwema wahitaji sheria iliyo thabiti.

Kwa hiyo natoa maswali matatu. Kwanza, mtoaji anataka nini? Kila serikali hutoa kwa siasa yake, wala si aibu kuuliza. Pili, fedha zikikatika, kitabaki nini mikononi mwetu? Tatu, nani ataamua, na nani atakagua hesabu?

Swali la pili ndilo zito kwetu. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na miradi mingi huisha mapema kuliko hivyo. Miche ya bure isiyo na mtunzaji hufia shambani. Rai yangu ni kwamba tukipokea, tupokee kitalu, kisima na mafunzo, viwe mali ya chama.

Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Kila mwanachama aje na fikira zake.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama