Kompyuta Isiyo na Feni

Kompyuta inayoniingizia riziki haina skrini, haina kibodi, na ndani haina hata feni. Ni boksi la alumini linaloenea kiganjani, zito kuliko unavyotarajia ukiliona, na mgongo wake umejaa mbavu za chuma za kutolea joto. Nalipachika ukutani kwa skrubu nne, nachomeka umeme, kamera, mizani na laini ya simu, nafunga mlango wa kibanda na kuondoka. Nikiwa nimefanya kazi sawasawa, mwenye kiwanda anasahau kabisa kwamba lipo.

Mimi ni fundi, makazi yangu Tanga, na kazi zangu nyingi ziko kwenye mashine za unga, vituo vya mafuta, maghala, mizani za malori na vyumba baridi vya samaki, kuanzia huku kwetu hadi Dar es Salaam. Wataalamu wanaiita fani hii uchakataji wa data pembezoni: kazi inafanyika palepale data inapozaliwa, badala ya kuisafirisha yote kwenda kwenye seva za mbali, yale mawingu tunayouziwa kila siku. Wateja wangu wanasema "kile kiboksi", nami nitakiita hivyo hivyo.

Mteja akiniuliza kwa nini asipeleke kila kitu kwenye wingu, namfanyia hesabu ya kamera. Kamera moja yenye picha safi hutoa kama megabiti 4 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Zidisha, kisha gawa kwa 8 upate baiti: ni gigabaiti 43 kwa siku kwa kamera moja. Mwenye ghala lenye kamera nane anazalisha gigabaiti 345 kila siku, yaani zaidi ya terabaiti 10 kwa mwezi. Sasa muulize anataka nini humo. Anataka namba ya lori, uzito, saa, na picha moja ya lori likiwa juu ya mizani. Hivyo vyote kwa pamoja ni kilobaiti mia chache. Kiboksi kinaitazama video papo hapo, kinasoma namba ya gari, kinaandika mstari mmoja, na huo mstari ndio unaosafiri kwenda makao makuu. Video yenyewe inabaki pale pale kwa siku kadhaa, kisha mpya inaandikwa juu ya ya zamani.

Suala la pili ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni mwendo wa ajabu, lakini njia ya nyaya za baharini kutoka pwani yetu hadi kusini mwa Ufaransa inakaribia kilomita 10,000, na jibu nalo lazima lirudi. Sehemu ya kumi ya sekunde imeshapita kabla seva ya huko haijafanya lolote. Kwa risiti ya duka hilo si neno. Kwa mkanda wa kiwandani unaokwenda mita moja kwa sekunde, gunia limeshasogea sentimita 10, na ule mkono wa chuma uliotakiwa kulisukuma pembeni unasukuma hewa.

Halafu kuna siku ambazo njia yenyewe haipo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwenye mizani zenye viboksi malori yaliendelea kupimwa na karatasi kutoka. Taarifa zilipanga foleni ndani ya kiboksi zikisubiri mtandao. Kwenye ghala moja lililotegemea wingu kwa kila kitu, karani alitoa kaunta buku na kalamu. Sina ugomvi na kaunta buku, ila wiki iliyofuata watu wawili walikesha wakiingiza maandishi yale kwenye kompyuta, na hesabu hazikulingana.

Anayedhani haya ni mambo ya kigeni aitazame mashine ya risiti za kodi, EFD, pale dukani kwake. Tangu Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipoanza kuzisambaza mwaka 2010, mashine zile hufanya kazi kwa mtindo huu huu: risiti inatoka papo hapo, mauzo yanahifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika, mashine imepigwa lakiri, na taarifa zinakwenda TRA mtandao unapopatikana. Ni ndogo, ni ngumu, na imefungwa. Wengi tunaichukia kwa sababu ya kodi, lakini kiufundi ilifikiriwa vizuri.

Wakenya nao waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2013 watu waliotokana na shirika la teknolojia la Ushahidi pale Nairobi walichangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter ili watengeneze BRCK, kiboksi cha intaneti chenye betri ya saa nane, kinachohama chenyewe kutoka kwenye waya kwenda kwenye laini ya simu. Mwaka 2015 wakatoa Kio Kit, sanduku gumu la shule lenye tableti 40 na kiboksi chao ndani. Ikafuata SupaBRCK mwaka 2017, ambayo ilikuwa seva kamili, nayo ikapandishwa kwenye matatu: abiria akaangalia vipindi vilivyohifadhiwa ndani ya gari lenyewe bila kugusa bando lake. Kama kuna mahali pa kuipima kompyuta kwa vumbi, joto na mitikisiko, ni kwenye matatu za Nairobi. Huko Marekani, migahawa ya kuku ya Chick-fil-A ilieleza mwaka 2018 kwamba kila mgahawa una kompyuta tatu ndogo zinazosaidiana. Moja ikifa, mbili zinabeba mzigo na biashara haisimami. Hizo hazikuwa hata ngumu. Zilikuwa za bei nafuu, nyingi, na rahisi kubadilishwa na mfanyakazi wa kawaida. Ni njia nyingine ya kufika pale pale, na mtu mwenye ofisi safi yenye kiyoyozi mimi humshauri hiyo.

Lakini wateja wangu wengi hawana ofisi safi. Nilipoitwa kwenye mashine moja ya kusaga mahindi, mwenyewe, mama mmoja mfanyabiashara, alinionyesha kompyuta ya mezani iliyokuwa imezimika. "Fundi, hii nimenunua mpya, haijamaliza hata msimu." Nikafungua ubavu. Feni ilikuwa imeganda, kila upanga wake umevaa koti la unga. Chini ya feni, juu ya kile kipande cha alumini kinachopoza prosesa, unga ulikuwa umeshika unyevu wa asubuhi ukawa uji, uji ukakauka ukawa ukoko. Pembeni sisimizi walikuwa wameshajipangia makazi. Niliukwangua ule ukoko kwa bisibisi bapa, mama akashika kiuno, akasema, "Kumbe nimekuwa nikiilisha!"

Hapo ndipo ukosefu wa feni unapopata maana. Feni inavuta hewa, na hewa ya mashine ya unga, ya kiwanda cha saruji au cha mkonge ina kila kitu ndani yake. Kiboksi kigumu hakivuti chochote: prosesa imegandamizwa kwenye ganda la alumini, na ganda lote ndilo linalotoa joto. Sharti lake ni kwamba mbavu zile zisimame wima ili hewa moto ipande, na zisifunikwe. Nimekuta kiboksi kizuri kimefungiwa na seremala ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, kwa nia njema kabisa ya kukilinda, chini ya paa la bati, mwezi wa Februari. Kompyuta ya namna hii ikizidiwa na joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, kwa hiyo mwenye mali haoni moshi wala hasikii kelele. Anaona tu kwamba mchana kamera zinakosa namba za magari, usiku zinasoma vizuri.

Kwenye karatasi ya vipimo utakuta herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu: vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 5 maana yake kinastahimili maji ya mpira yanayorushwa kutoka pande zote, na 7 kinaweza kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Watu wakiona 67 wanadhani wamemaliza kila kitu. Siyo. Kuzama kwenye maji yaliyotulia na kupigwa na maji ya presha ni mitihani miwili tofauti, na 7 haikuhakikishii 5. Kwenye viwanda vya samaki, ambako sakafu na kuta huoshwa kwa maji ya moto ya presha, uliza 69. Na chochote kilichoandikwa hakina maana ukishachomeka waya wa kawaida wa mtandao kwenye tundu la wazi. Maji huingia kupitia matundu ya waya. Ganda mara nyingi halina kosa. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya upepo wa bahari, inayokula miguu ya vipuri taratibu. Muulize muuzaji kama bodi ya ndani imepakwa ile rangi ya kukinga unyevu.

Umeme sitauongelea sana kwa sababu kila mtu anaujua umeme wetu. Ninachokwambia ni hiki: tafuta kiboksi kinachopokea umeme wa moja kwa moja wa volti 9 hadi 36, ukiunganishe na betri bila inveta katikati. Kiboksi cha wati 15 kinakula wati-saa 360 kwa siku nzima. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, ina wati-saa 600. Hizo ni saa 40. Na diski iwe ya aina yenye akiba kidogo ya umeme ndani yake, imalize kuandika pale umeme unapokatika ghafla. Kadi ndogo za kumbukumbu kama za simu, hapana. Kwa kazi ya kamera zinachakaa upesi mno.

Sasa usalama, ambao wateja huufikiria mwisho ilhali ndio unaonikosesha usingizi. Seva ya benki inakaa kwenye chumba chenye mlinzi na milango ya kadi. Kiboksi changu kinakaa kwenye kibanda cha mizani chenye mlango wa plaiwudi. Anayekiiba anachukua pia orodha ya wateja, bei zako, na sura za watu waliopita getini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, haikubali kisingizio cha mlango wa plaiwudi. Kenya wana yao tangu 2019.

Kwa hiyo diski lazima ifungwe kwa usimbaji fiche, na ufunguo wake ukae kwenye chipu maalumu ya usalama iitwayo TPM. Mwizi akichomoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, anaona takataka. Hapa wauzaji wengi hunyamaza, kwa hiyo nitasema mimi: mwizi akichukua kiboksi kizima na kukiwasha kwake, ile chipu inaweza kutoa ufunguo yenyewe kama kawaida, kwa sababu kwa maoni yake hakuna kilichobadilika. Dawa yake ni kukifanya kiboksi kiombe nusu ya pili ya ufunguo kutoka makao makuu kila kinapowashwa. Nayo ina gharama: umeme na mtandao vikikatika siku moja, kiboksi kitawaka kisha kisubiri. Kwenye mizani ya mahindi mimi sifanyi hivyo. Kwenye hospitali nafanya, na namweleza mwenyewe kabla hajasaini.

Mengine ni nidhamu tu. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu mengi duniani kwa orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60, hakuna ujanja zaidi ya huo. Uingereza ilipiga marufuku manenosiri ya jumla ya namna hiyo kisheria mwezi Aprili 2024. Badilisha nenosiri kabla kiboksi hakijatoka mezani. Ziba matundu ya USB. Nilikuta mlinzi wa zamu anachajia simu yake kwenye kompyuta inayohesabu mafuta ya kituo kizima, na wala simlaumu, tundu lilikuwa wazi na simu ilikuwa imezima. Tena kiboksi kiwe ndicho kinachopiga simu kwenda makao makuu, kisiache mlango wazi wa kupigiwa kutoka nje.

Bei ya kiboksi cha namna hii ni mara kadhaa ya kompyuta ya dukani, na si kila biashara inakihitaji. Duka la nguo lenye kaunta moja lina simu na EFD, vinatosha. Ila ukishaamua kununua, usinunue kwa kusoma karatasi ya vipimo peke yake. Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, kifanye kazi, kisha achomoe waya wa mtandao. Kazi iendelee. Achomoe na umeme, aurudishe, na kiboksi kirejee chenyewe bila mtu kukigusa, kikiwa na kumbukumbu zote. Muuzaji akianza kukueleza kwa nini leo haiwezekani, funga pochi yako uende kwa mwingine.