Furiko na Kosa: Istilahi Mbili za Kikokotoo kwa Mfano wa Mizigo ya Unyanyembe

Kikokotoo cha tarakimu nane hakiwezi kuonyesha namba inayozidi 99,999,999. Kikitakiwa kuzidisha 25,000 kwa 5,000, huonyesha herufi E, ambayo wengi huifasiri kuwa “kosa”. Fasiri hiyo inapotosha. 125,000,000 ni jibu sahihi. Kilichopungua ni nafasi. Hali hiyo yafaa iitwe furiko.

Hesabu za misafara ya karne ya 19 baina ya Tabora na Bagamoyo zinaibainisha tofauti hii. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yaani takriban ratili 35. Pembe iliyomshinda mpagazi mmoja ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na wawili. Haikuandikwa kuwa nyepesi ili ilingane na nguvu za mmoja.

Kikokotoo cha HP-41C, kilichotolewa mwaka 1979 na ambacho huweza kupangiwa programu, kina njia mbili. Kwa kawaida, furiko likitokea, programu husimama na kutangaza kwamba namba imevuka mpaka. Lakini bendera ya 24 ikiwashwa, jibu hubadilishwa kuwa 9.999999999 × 10⁹⁹, na programu huendelea. Njia hii ina manufaa yake, hasa katika programu ndefu. Hata hivyo, ni hapo tu ambapo furiko hugeuka kosa, tena bila herufi yoyote ya kumtahadharisha msomaji.