Divai nyekundu ya bei nafuu mkoani Morogoro

Divai nyekundu ya bei nafuu (huitwa pia mvinyo au waini) ni kinywaji cha zabibu nyeusi zilizochachushwa pamoja na maganda yake, kinachouzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu bila kusubiri sikukuu. Katika mji wa Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru, sehemu kubwa ya divai hiyo hutoka Dodoma, umbali wa kilomita 260 hivi kwa barabara. Nyingine huingizwa kutoka nje, hasa Afrika Kusini.

Neno mvinyo limetokana na Kireno "vinho", na zamani lilitumika hata kwa pombe kali. Divai hudhaniwa kutokana na Kifaransa "du vin", na ndilo jina lililozoeleka makanisani.

Kwa nini Dodoma, si Uluguru

Mtu anayeijua Mgeta, ambako hustawi mboga na hata matunda ya nchi za baridi kama pichi, huweza kujiuliza kwa nini mizabibu haikutandazwa huko. Jibu ni mvua. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya maeneo. Majani ya mzabibu yasiyokauka hushambuliwa na magonjwa ya ukungu, na zabibu zinazoiva wakati wa mvua hupasuka, huoza na kupungua sukari.

Dodoma ni kinyume chake: mvua ni kidogo, huja katika msimu mmoja, na ukame hudumu miezi mingi. Mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza kama Ulaya, hivyo mkulima huuamsha kwa kuupogoa, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kilimo hicho kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950. Aina nyekundu iliyoenea huitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu. Hulimwa pia Syrah na, kwa divai nyeupe, Chenin Blanc.

Wakulima wengi hawauzi divai bali zabibu, au "mchuzi wa zabibu", yaani maji yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye matangi. Viwanda vinapokosa nafasi au fedha ya kununua, zabibu huozea shambani, kwa kuwa hazisubiri. Ndiyo maana chupa inayochaguliwa dukani Morogoro si jambo dogo kwa kaya za Hombolo au Mpunguzi. Serikali hutoza ushuru mdogo wa bidhaa kwa divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, na hii ni sababu mojawapo ya divai ya Dodoma kuweza kuwa rahisi bila kuwa mbaya.

Kusoma chupa

Rahisi si lazima iwe duni. Bei hupungua kwa sababu halali: divai haikukaa muda mrefu katika mapipa ya mbao, chupa ni nyepesi, au hakuna ushuru wa forodha. Hupungua pia kwa sababu mbaya, pale kinywaji kinapotengenezwa kwa spiriti, sukari, rangi na ladha. Lebo ndiyo shahidi wa kwanza. Maneno "ladha ya zabibu" hayana maana sawa na "zabibu". Alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya TRA vinapaswa kuwepo, na stempu isiwe imechanika au kubandikwa upya.

Kiwango cha kileo husema mengi. Divai kavu ya kawaida huwa na asilimia 11 hadi 14. Zile tamu na nzito, kama aina maarufu iitwayo dompo, huweza kuzidi hapo, na utamu wake huficha ukali. Anayeinywa kwa kipimo cha divai kavu huzidisha bila kujua. Divai ya rozela (choya) nayo ni nyekundu na mara nyingi ni rahisi, lakini haitokani na zabibu. Si udanganyifu ikiwa lebo inasema hivyo, na ikitengenezwa vizuri ni kinywaji kizuri chenye uchachu wa kupendeza.

Kwa familia au kikundi, bei ilinganishwe kwa lita. Chupa ya kawaida ni mililita 750; boksi la lita 5 ni karibu sawa na chupa 7. Boksi lina faida nyingine: mfuko wa ndani hunywea kadiri divai inavyotoka, hewa haiingii, na kinywaji hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa.

Joto

Adui mkubwa wa divai mjini Morogoro ni joto. Chupa iliyosimama kwenye kioo cha duka kinachopigwa na jua hupoteza harufu ya matunda na kubaki na ladha kama ya jemu iliyoungua, hata kama ilitoka kiwandani ikiwa nzuri. Ni afadhali kununua kwenye duka lenye wateja wengi, ambako bidhaa haikai, na kuchagua toleo jipya. Divai ya bei hii haiboreki kwa kuwekwa miaka.

Kauli kwamba divai nyekundu hunywewa kwa "joto la chumba" ilitoka nchi ambako chumba ni nyuzi 16 hadi 18. Katika mji wa Morogoro, unaoweza kupita nyuzi 30, nusu saa ndani ya friji hurekebisha ladha, na ukali wa kileo haupandi puani. Huko juu Mgeta, usiku wa Julai, friji haihitajiki.

Chupa iliyofunguliwa hufungwa na kuwekwa kwenye baridi, imalizwe ndani ya siku tatu hivi. Ikikaa zaidi, bakteria hugeuza kileo kuwa siki. Divai iliyoanza kuchacha hivyo haifai tena mezani, lakini bado hulainisha nyama ya mishkaki kabla ya kwenda kwenye mkaa.