Nasaba ya Farasi wa Mbio

Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, iliyoasisiwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, wote hufuatilia ukoo wa baba hadi kwa madume watatu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Nasaba hiyo hulindwa kwa ukali wa ajabu. Hata mbegu haziruhusiwi kupandikizwa kwa chombo, sharti dume mwenyewe ampande jike.

Ukali huo una gharama. Mwaka wa 2020, watafiti wa University College Dublin, waliochunguza vinasaba vya farasi zaidi ya 10,000, walionyesha kuwa uzalianaji wa ndugu kwa ndugu umezidi tangu miaka ya 1970. Asilimia 97 ya farasi hao walikuwa na dume mmoja, Northern Dancer, katika ukoo wao. Utafiti wa 2022 uliongeza kwamba kadiri damu ya wazazi inavyokaribiana, ndivyo uwezekano wa mtoto kuwahi kushiriki mbio unavyopungua.

Kwa nini basi mtindo huu hauachwi? Mbegu ya bingwa ni mali. Mwaka wa 2020, Jockey Club ya Marekani iliwawekea madume kikomo cha majike 140 kwa mwaka. Mashamba ya Kentucky yakaenda mahakamani, na mwaka wa 2022 kikomo kikaondolewa.