Kengeleni si Steji Tu

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tulipewa kuandikia insha muhula uliopita. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, mtaalamu wa insha ambaye hunishinda kila mara, aliandika nusu ukurasa akaweka kalamu chini. Nilipomwuliza vipi, akanijibu kwa sauti ya chini, "Sasa mimi niandike nini? Asili yangu ndiyo huo utumwa."

Rafiki yangu ni mzaliwa wa Frere Town. Darasani wako wanaomwita "mtu wa misheni", na siku wakimkasirikia humwuliza kabila lake ni gani, wakijua kwamba hana jibu la neno moja. Mimi ni Mgiriama wa Kisauni na nakiri kwamba nami nimewahi kucheka. Baada ya ile insha nikaona haya, nikaanza kuuliza wazee na kusoma vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue tuko wapi. Mombasa ni kisiwa, na bara limekizunguka pande tatu: Likoni kusini, Changamwe magharibi, na Kisauni kaskazini, ambako ndiko kwetu. Kati yetu na kisiwa umepita mkono wa bahari uendao Tudor. Zamani watu walivuka kwa mashua. Mwaka 1931 likajengwa daraja la kuelea, na kila apitaye akalipa ushuru, jambo ambalo wazee wangali wanalilalamikia hadi leo! Daraja hili la zege tulilonalo lilifunguliwa mwaka 1980. Ardhi yetu ni mchanga juu, matumbawe chini. Ukichimba kisima karibu na pwani utanywa maji ya chumvichumvi. Siku hizi tuko katika eneo bunge la Nyali lenye wadi tano, yaani Frere Town, Kongowea, Mkomani, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Hilo jina la Kongowea ni la kale mno, maana hapo zamani ndilo lililokuwa jina la Mombasa yenyewe. Leo ukilitaja, mtu anafikiria soko na nyanya za jumla.

Ukivuka daraja kuja huku, makanga anaanza kupiga kelele, "Kengeleni! Kengeleni wa kushuka!" Sote tunashuka, sote tunapanda, na ni wachache wanaoinua macho kuitazama ile kengele yenyewe iliyo kando ya barabara. Mimi nimepita hapo tangu darasa la kwanza nikidhani ni jina tu kama Bombolulu.

Kisa chenyewe kilianzia baharini. Mwaka 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya kusafirisha watumwa kwa majahazi. Mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo huo. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi na kuwatoa watumwa waliokuwamo. Lakini ukishamtoa mtu katika jahazi, umpeleke wapi? Kwao ni mbali, huko Nyasa, na njia imejaa wale wale waliomteka. Wengi walipelekwa hadi India. Karibu na mji wa Nasik wamisionari walikuwa na kituo ambako vijana wa Kiafrika walifunzwa kusoma, useremala na uhunzi. Jacob Wainwright, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone kutoka ndani ya bara hadi pwani, alisomeshwa huko.

Basi mwaka 1875 wamisionari wa C.M.S., wakiongozwa na William Salter Price, ambaye hapo awali alikuwa mkuu wa kituo hicho cha Nasik, walinunua ardhi hapa Kisauni wakaanzisha kijiji, wakakiita Frere Town kwa heshima ya yule balozi. Wageni wa dini hawakuwa wapya huku. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande huu wa Nyali. (Wanachama wenzangu, huyu Krapf ndiye aliyeandika ile kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tumshukuru hata kama maneno yake mengine hatuyatambui.)

Kijijini wakachanganyika Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, pamoja na wale waliorudi kutoka India ambao walijua Kiingereza na Kihindi. Hebu fikiri, msomaji, watu wa lugha zote hizo wapewe vishamba, kanisa na shule, kisha waambiwe ishini. Walisemezana kwa nini? Kwa Kiswahili! Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa Frere Town hawana lugha ya kwao, amekosea.

Na ile kengele? Iliwaita watu kanisani, lakini wazee wanasema kazi yake kubwa ilikuwa kuonya. Adui akionekana, inagongwa, watu wanakimbilia usalama. Tena adui hakuwa wa kutafutwa mbali. Simama ufuoni upande huu utazame ng'ambo, utauona Mji wa Kale wazi kabisa. Huko ndiko walikokaa baadhi ya matajiri wenye watumwa, na watumwa wao walianza kutoroka kuja kujificha misheni. Mwaka 1880 wenye watumwa walikasirika hata wakatishia kuja kukivamia kijiji. Mtu aliyelala Frere Town alilala huku akiona taa za waliotaka kumrudisha utumwani, na katikati ni maji tu, tena si mapana.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya shule havitwambii sana, nami nimeona nisilifiche. Huko ndani ya kijiji chenyewe mambo hayakuwa asali. Kulikuwa na jela. Kulikuwa na viboko, na msimamizi mmoja Mwingereza aliwachapa watu kwa ukali hata habari zikafika kwa wakubwa, uchunguzi ukafanywa mwaka 1881. Yaani mtu ametolewa jahazini, ameambiwa yuko huru, kisha anafungwa na kuchapwa. Nilipomsomea rafiki yangu sehemu hii alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Nyanya alinambia. Nikadhani anatia chumvi."

Hata hivyo watu wa Frere Town hawakukaa kuhurumiwa. William Jones, mmoja wa wale waliosomea India, alitawazwa shemasi na Askofu Hannington mwaka 1885 pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones akafuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi kwa miguu hadi Rabai. Ukitazama ramani uone umbali huo, utamvulia kofia. Wengine wakawa walimu, makarani na wakalimani. Shule ya wachungaji iliyoanzishwa hapa ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na ndiko kilikotoka chuo cha Mtakatifu Paulo.

Wagiriama wenzangu nasi tumo, tusijitoe. Huko Rabai walikojificha watoro wengi walikuwamo Wamijikenda waliokuwa wametiwa utumwani. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misheni walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa fidia waliodai kuwamiliki. Ndiyo, aliyelipwa ni mwenye mtumwa, si mtumwa! Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za hapa petu hadi 1907.

Jumamosi moja tulikwenda kwa nyanya yake rafiki yangu. Nilimsalimu "Shikamoo nyanya", akatuketisha barazani na chai na mihogo. Nikamwuliza kwa adabu kabila lao ni gani. Akacheka. Akasema babu yake mzaa baba alikuwa Myao, bibi yake Mmakua, na mume wake mamaye ni Mtaita. "Sasa wewe, mwanangu, unataka nikuchagulie lipi?"

Rafiki yangu amemwomba mwalimu ruhusa ya kuiandika upya ile insha, naye mwalimu amekubali. Ameshajaza kurasa sita na bado yuko jahazini.