Maikrofoni Iko Wapi?

Muuzaji wa hedifoni Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, akimwona mteja mwenye mashine nyuma ya sikio, huenda akamwambia aivue kwanza ndipo ajaribu. Ushauri huo una mantiki yake: hedifoni ni spika, sikio ni sikio, na kilichokaa katikati kinaleta bughudha tu. Kwa wengi wanaovaa vifaa vya usikivu, huo ni ushauri mbaya.

Usikivu unaopotea kwa uzee, au kwa kelele za miaka mingi kiwandani, haupungui sawasawa. Kila sikio lina takriban chembe 15,000 zenye vinyweleo ndani ya koklea, ule mrija uliojiviringa kama konokono, na kwa kawaida zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Hazioti tena. Mtu anabaki akisikia besi na ngoma vizuri huku “s”, “f” na “sh” zikimpotea. Anajua kwamba mtangazaji anaongea, ila maneno hayashikiki. Akivua kifaa na kuvaa hedifoni, kilichobaki ni kuongeza sauti, na kuongeza sauti ni kuongeza vyote, hata besi ambayo hakuihitaji. Kiwango cha usalama ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu, hivyo desibeli 89 hubakiza saa 5 tu kwa wiki nzima. Aliyekwisha kupoteza chembe nyingi hana za kuchezea.

Kifaa cha usikivu kimepangwa kwa vipimo vya sikio la mwenyewe, kikikuza zaidi pale palipopungua na kupaacha palipo pazima. Basi kibaki mahali pake, hedifoni ije juu yake. Hapo msikilizaji wa kwanza wa hedifoni anakuwa maikrofoni ya kifaa: inakusanya sauti, kichakataji kinaitengeneza, kisha spika ndogo inaipeleka ndani ya tundu la sikio. Ndiyo maana, kabla ya bei, kabla ya besi na kabla ya rangi, mteja anapaswa kujua maikrofoni yake iko wapi.

Kwenye vifaa vya nyuma ya sikio huwa juu kabisa, pale sikio linapoungana na kichwa, na mara nyingi ni mbili. Hedifoni ndogo za sponji zinazolalia sikio hupeleka sauti tunduni na kuiacha maikrofoni nje. Zaidi ya hayo zinaligandamiza sikio kwenye kifaa, na haichukui muda gegedu kuanza kuuma. Zinazofaa ni za vikombe vikubwa vinavyolimeza sikio lote pamoja na kifaa, mto wa kikombe ukitua kwenye mfupa wa kichwa. Wengi huangalia upana wa kikombe. Mimi ningeanza na kina. Kikombe kifupi kinagusa kifaa, na kila mguso unasikika kama mkwaruzo. Ukishavaa, sogeza kikombe juu kidogo na nyuma kidogo, utasikia sauti ikipata nguvu ghafla. Wavaaji wazoefu hufanya vivyo hivyo na simu: huishika juu, karibu na maikrofoni, wala hawaielekezi tunduni.

Wenye vifaa vilivyozama ndani ya sikio wana nafuu, maana maikrofoni yao iko mlangoni pa tundu na karibu hedifoni yoyote ya juu itawahudumia. Iafoni za kuchomeka hazimfai yeyote kati ya hawa. Tundu lina mwenyewe.

Kisha kuna mluzi. Sauti iliyokuzwa inavuja kutoka tunduni, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa tena, na mzunguko huo ukishika kasi kifaa kinapiga kelele. Wahandisi huliita tukio hilo kwa jina la Søren Absalon Larsen, mwanafizikia wa Denmark, na yeyote aliyekaa karibu na spika za harusi analifahamu. Kikombe kilichofungwa kinazidisha hatari, kwa sababu sauti iliyovuja inagonga ukuta na kurudi. Ukitaka kubashiri kabla hujafika dukani, funika sikio kwa kiganja taratibu. Kifaa kikilia kiganja kikiwa bado mbali, tafuta hedifoni zenye mgongo wazi, zile ambazo nyuma ya kikombe kuna wavu. Jirani wa kwenye daladala atasikia unachosikiliza, lakini mluzi utapungua na jasho pia. Kwa mtu wa Pwani jasho si jambo dogo: unyevunyevu ni adui mkubwa wa vifaa hivi, na kikombe cha ngozi bandia kinaufungia ndani.

Vifaa vya kidijitali vina programu ya kuua mluzi, na ndiyo inayoharibu muziki. Inawinda sauti moja nyembamba inayodumu bila kubadilika. Fidla ya taarabu ikivutwa kwa noti moja ndefu, au filimbi ikishika pumzi, programu hudhani ni mluzi na kuishambulia. Mpenzi wa taarabu anasikia fidla ikitetemeka kama yenye homa, akailaumu hedifoni. Programu nyingine, ya kupunguza kelele, hudhani mlio wa muziki ni kelele na kuupunguza. Akibadilisha hedifoni mara tatu hatapona. Anachohitaji ni mtaalamu wa usikivu amwekee programu ya muziki, ambayo upunguzaji wa kelele umezimwa na uwindaji wa mluzi umelegezwa. Marshall Chasin, mtaalamu wa usikivu wa wanamuziki kule Toronto, ameandika mengi kuhusu tatizo jingine: vifaa vimebuniwa kwa sauti ya mazungumzo, na muziki wenye nguvu hujaza mlango wa kuingilia sauti kabla hata ya kuchakatwa. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Punguza sauti ya redio au simu, ongeza ya kifaa.

Mtu atauliza, kwa nini kuhangaika na hedifoni ilhali vifaa vipya vinapokea simu moja kwa moja kwa Bluetooth? Kwa mazungumzo, sina ubishi. Usafi wake haupatikani kwingine. Muziki ni kesi nyingine. Wenye upungufu wa sauti nyembamba tu huvalishwa kikofia cha mpira chenye matundu, ili besi ya dunia iingie yenyewe na sauti yao wenyewe isivume kichwani. Matundu hayo hayo huitoa nje besi inayotumwa kwa Bluetooth, na wimbo unabaki mifupa mitupu. Hedifoni ya juu inaondoa kasoro hiyo: besi inapita kwenye matundu ya kikofia kama kawaida, na sauti nyembamba inapita kwenye maikrofoni na kukuzwa. Sikio linapokea njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutozitupa hedifoni.

Halafu si kila chombo kina Bluetooth inayoelewana na kifaa chako. Redio ya zamani ya mkulima haina, na skrini za viti vya ndege nyingi bado zinategemea waya. Kwa vyombo hivyo kuna teknolojia ya kale ambayo wauzaji wa vifaa vipya huitaja kwa nadra, nayo ni koili ya T. Mwaka 1937 Joseph Poliakoff alipata hataza nchini Uingereza ya kupeleka sauti kwa kitanzi cha waya kinachotoa uga wa sumaku. Kifaa chenye koili ndogo ndani huunasa uga huo. Siku hizi kitanzi kinavaliwa shingoni, kikichomekwa pale pale penye tundu la hedifoni, na kifaa kikiwekwa kwenye T pekee maikrofoni hunyamaza, kwa hiyo mluzi hauna pa kuanzia. Kasoro yake ni mvumo wa umeme karibu na transfoma na taa za mirija. Kabla ya kununua kifaa cha usikivu, uliza kama koili imo, maana vile vidogo mara nyingi havina nafasi yake.

Hedifoni za mfupa, zinazokaa mbele ya sikio na kutikisa fuvu, huuzwa kwa ahadi kwamba hazipiti sikioni, kwa hiyo hata asiyesikia atasikia. Si kweli kwa aliyeharibikiwa koklea au neva, kwani mtikiso huo unaishia kwenye koklea ile ile. Ni kweli kwa mwenye tatizo la sikio la nje au la kati, kama vile ngoma iliyotoboka kwa usaha wa muda mrefu, ugonjwa ambao umewapata watoto wengi wa kwetu. Huyo sikio lake linapaswa kubaki wazi na kavu, na hedifoni za mfupa zinaweza kumfaa kuliko zote. Ila sikio linalotoa usaha lipelekwe hospitali kwanza.

Dukani, nenda na sauti mbili unazozifahamu: wimbo mmoja na mtu anayeongea. Vaa miwani yako kama unayo, kwa sababu mkono wake unainua mto na kufungua upenyo. Geuza kichwa, tafuna kidogo, maana taya likicheza tundu la sikio hubadilika umbo na mluzi uliojificha hujitokeza. Kaa na hedifoni muda wa kutosha hadi uzito wake uusikie. Wakati wa kuzivua, tanua vikombe kwa mikono miwili kuelekea nje kabla ya kuzishusha. Ukizivuta kwa mkono mmoja, kifaa kitaondoka nazo, na kwenye sakafu ya duka lenye watu wengi kinakanyagwa kabla hujainama.